Biashara ya gofu: Draiva inatangazwa, mpira ndio unaolipa

Na Mwandishi Wetu

MTU asiyecheza gofu akiingia kwenye duka la vifaa vya mchezo huo, macho yake huvutwa kwanza na draiva. Ndiyo fimbo ndefu kuliko zote mfukoni, yenye kichwa kikubwa, na ndiyo inayopiga mpigo wa kwanza kwenye mashimo marefu. Huko Marekani draiva mpya ya kampuni kubwa huuzwa kwa karibu dola 600. Kwenye rafu ya chini yake kuna boksi ndogo za mipira. Dazeni moja ya mpira wa daraja la juu ni kama dola 55.

Kwa haraka haraka mfanyabiashara atasema fedha iko kwenye draiva. Lakini historia ya kampuni za vifaa hivi kwa zaidi ya miaka 30 inaonyesha jambo jingine. Draiva imeinua kampuni na kuiangusha ndani ya mwaka mmoja. Mpira umekuwa ukiuzwa mwaka hadi mwaka, bila kelele, na kampuni iliyoujenga msingi wake juu ya mpira ndiyo iliyosimama imara kuliko wenzake. Jambo hilo linamhusu mwekezaji mdogo anayetazama hisa za nje, na pia mwenye duka anayefikiria kuagiza mali ya aina hii.

Bidhaa inayopotea

Draiva ikitunzwa vizuri hudumu miaka mingi. Mwenye nayo anaweza kuamua kutonunua nyingine mwaka huu, wala mwaka ujao. Mpira hauna subira hiyo. Huzama bwawani, huingia vichakani, huchubuka kwenye changarawe. Mchezaji wa kawaida anaweza kupoteza mipira kadhaa kwa siku moja, na hawezi kuendelea kucheza bila kununua mingine. Ni tofauti ile ile iliyopo kati ya muuza redio na muuza betri. Redio huuzwa mara moja, lakini betri mteja hurudi kuzifuata.

Kampuni iliyoielewa siri hii mapema ni Acushnet ya jimbo la Massachusetts, Marekani, yenye jina la Titleist. Ilianzishwa mwaka 1910 na Philip Young kama kiwanda cha mpira, na haikuwa na uhusiano wowote na gofu. Mwaka 1932 Young, aliyekuwa mchezaji wa gofu, alikosa mpigo mfupi ambao aliamini ameupiga sawasawa. Akashuku kwamba kosa si lake. Alimwomba rafiki yake aliyekuwa na mashine ya eksirei hospitalini aupige picha mpira ule, ikaonekana kwamba kiini hakikukaa katikati. Mpira wa namna hiyo hauwezi kubingirika kwa kunyooka hata mpigaji awe bingwa. Young akaamua kutengeneza mpira wake mwenyewe, na wa kwanza wenye jina la Titleist ukatoka mwaka 1935.

Hadi leo mpira ndio nguzo ya kampuni hiyo. Mwaka 2023 mauzo yake yote yalikuwa takriban dola bilioni 2.38, na mipira ilichangia karibu theluthi moja. Kilichobaki ni fimbo, viatu vya FootJoy, mifuko, glovu na nguo.

Ndani ya kiwanda

Mpira wa gofu unaonekana kitu rahisi, lakini ndani yake kuna kemia nyingi. Sheria inasema usizidi uzito wa gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Vyote vinavyowekwa ndani lazima vitoshee hapo.

Kiini hutengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao polibutadieni, unaotokana na mafuta ya petroli. Huchanganywa na kemikali za kuukaza, hukatwa vipande, kisha hubanwa kwenye kalibu zenye joto kali mpaka ugumu wake ufike kiwango kinachotakiwa. Juu ya kiini huwekwa tabaka moja au zaidi, na mwisho ni ganda lenye vishimo. Vishimo hivyo ndivyo vinavyopunguza ukinzani wa hewa na kuufanya mpira uelee. Titleist Pro V1 ya mwaka 2021 ilikuwa na vishimo 388, na ndugu yake Pro V1x ilikuwa na 348.

Tofauti kubwa ya bei iko kwenye ganda. Mpira wa bei nafuu huwa na ganda la plastiki ngumu iitwayo ayonoma, inayosukumwa kwenye kalibu kwa mashine na kuwa tayari upesi. Mpira wa bei ya juu huwa na ganda la yurethani, ambalo mara nyingi hutokana na kemikali mbili za maji zinazochanganywa na kumiminwa zikiwa mbichi. Kazi hiyo ni ya polepole, inahitaji uangalifu, na mipira mibovu hutupwa. Faida yake kwa mchezaji ni kwamba mpira hushikika na fimbo fupi na kusimama upesi ukitua karibu na shimo.

Ndiyo maana si kila mwenye fedha anaweza kuamka kesho akafungua kiwanda cha mpira wa daraja la juu. Mashine ni za gharama kubwa na ujuzi huchukua miaka. Kampuni ya Callaway ilipoingia kwenye mpira mwaka 2000 ilijenga kiwanda kipya. Mwaka 2003 ikanunua mali za Top-Flite, iliyokuwa imefilisika, pamoja na kiwanda chake cha Chicopee, Massachusetts. Miaka mingi baadaye ilibidi itumie makumi ya mamilioni ya dola kukiboresha kiwanda hicho, zikiwamo mashine za eksirei za kukagua viini. Tatizo alilolikuta Young mwaka 1932 lilikuwa bado linagharimu fedha.

Mageuzi ya mwaka 2000

Soko la mpira huonekana limetulia, lakini liliwahi kupinduka mara moja kwa kasi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 wachezaji wa kulipwa walitumia mpira uliozungushiwa nyuzi za raba ndani yake. Mei 2000 Tiger Woods alianza kutumia mpira wa Nike usio na nyuzi, uliotengenezwa na Bridgestone ya Japani. Mwezi uliofuata alishinda mashindano ya wazi ya Marekani kwa tofauti ya mipigo 15.

Acushnet ilikuwa na jibu lake tayari. Oktoba 2000, kwenye mashindano ya Las Vegas, ilileta Pro V1, na wachezaji 47 wakabadilisha mpira katika wiki hiyo moja. Mpira wa nyuzi ukafa muda si mrefu. Mwekezaji anapaswa kukumbuka kwamba Acushnet ilikuwa kinara wa mpira wa zamani. Ilikubali kuiua bidhaa yake yenyewe kabla mshindani hajaiua, na hivyo ikabaki kinara.

Draiva zimefika ukingoni

Tugeukie draiva. Zamani kichwa chake kilichongwa kwa mti. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade na kuuza draiva ya chuma. Mwaka 1991 Ely Callaway akatoa Big Bertha, yenye kichwa kikubwa kuliko zilizozoeleka, na mwaka 1992 kampuni yake ikaingia Soko la Hisa la New York. Mwaka 1995 ikafuata Great Big Bertha ya titani, madini mepesi na magumu, iliyoruhusu kichwa kuwa kikubwa zaidi bila kuongeza uzito.

Wakati huo tofauti kati ya draiva mpya na ya zamani ilikuwa ya kweli, na mteja aliiona mara moja. Siku hizi sheria zimeweka kuta pande zote. Tangu mwaka 2004 kichwa hakiruhusiwi kuzidi ujazo wa sentimita mchemraba 460. Uso wake una kikomo cha kurusha mpira kama springi. Hata uwezo wa kichwa kutopinda pale mpira unapogongwa pembeni una kikomo chake. Kampuni zote kubwa zimefika karibu na kuta hizo. Mwaka 2024 TaylorMade kwa Qi10 Max na Ping kwa G430 Max 10K zilitangaza takwimu zinazofanana kabisa za uwezo huo.

Kwa hiyo msomaji anayelinganisha draiva asidanganyike na matangazo. Mpigaji mwenye kasi ya fimbo ya maili 100 kwa saa ataurusha mpira kwa takriban maili 150 kwa saa akiugonga katikati, awe na Callaway, Ping, Titleist au TaylorMade. Vinavyobaki vya kulinganisha ni vitatu. Kwanza, draiva inasamehe kiasi gani mpira ukigongwa pembeni. Pili, mpini wake unalingana na kasi ya mpigaji au la. Tatu, ni ya lini na bei yake itashuka lini.

Hilo la tatu ndilo la mfanyabiashara. TaylorMade na Callaway kwa kawaida hutoa draiva mpya kila mwaka. TaylorMade ilitoa SIM mwaka 2020, SIM2 mwaka 2021, Stealth mwaka 2022, Stealth 2 mwaka 2023, Qi10 mwaka 2024 na Qi35 mwaka 2025. Ping na Titleist husubiri karibu miaka miwili. G425 ya Ping ilitoka mwaka 2021, G430 mwaka 2023 na G440 mwaka 2025. Titleist ilitoa TSi mwaka 2020, TSR mwaka 2022 na GT mwaka 2024. Mpya inapoingia, ya zamani hushuka kwa dola 100 au zaidi. Aliyenunua Oktoba kwa bei kamili, Januari anaweza kujikuta ameshikilia mali iliyolala.

Ushahidi wa vitabu vya hesabu

Callaway ni somo zuri. Kwa nguvu ya draiva, mauzo yake yalifika takriban dola milioni 840 mwaka 1997. Mwaka uliofuata yakashuka chini ya dola milioni 700 na kampuni ikapata hasara. Msukosuko wa uchumi wa Asia na ushindani mkali vilitosha kuitikisa.

TaylorMade nayo ilipita njia hiyo ikiwa chini ya adidas. Mwaka 2013 ilitoa draiva moja baada ya nyingine katika muda mfupi. Maduka yakajaa mali, bei zikakatwa, na mwaka 2014 mauzo ya kitengo cha gofu cha adidas yakashuka kwa zaidi ya robo. Mwaka huo huo mnyororo mkubwa wa maduka ya michezo wa Dick's uliwaachisha kazi mamia ya wataalamu wake wa gofu. Agosti 2016 Nike ikajitoa kabisa kwenye fimbo, mipira na mifuko, pamoja na kuwa na Tiger Woods upande wake. Septemba mwaka huo maduka ya Golfsmith yakaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika.

Katikati ya kiza hicho walikuwapo walioona fursa. Mwaka 2011 Fila Korea pamoja na washirika wake walikuwa wameinunua Acushnet kwa takriban dola bilioni 1.2. Oktoba 2016, mwezi mmoja tu baada ya Golfsmith kuanguka, waliipeleka sokoni New York kwa dola 17 kwa hisa. Mwaka 2017 mfuko wa KPS Capital Partners ukainunua TaylorMade na majina mengine mawili kutoka adidas kwa dola milioni 425. Mwaka 2021 mfuko huo uliiuza kwa Centroid ya Korea Kusini kwa takriban dola bilioni 1.7. Kilichobadilika katikati ni ugonjwa wa Uviko-19. Watu walizuiwa kukusanyika ndani, na gofu ikawa miongoni mwa michezo michache iliyoweza kuchezwa nje kwa kuachiana nafasi.

Fedha za msimu mzuri

Hapa ndipo kampuni mbili zilipoachana, na ndipo mwenye hisa anapaswa kutazama kwa makini. Kampuni ikipata fedha za msimu mzuri, inazifanyia nini?

Callaway iliamua kujitanua nje ya vifaa. Mwanzoni mwa 2019 ilikuwa imenunua Jack Wolfskin, kampuni ya nguo ya Ujerumani, kwa euro milioni 418. Machi 2021 ikaungana na Topgolf, kampuni ya kumbi za burudani ambako watu hupiga mipira huku wakila na kunywa, kwa thamani ya karibu dola bilioni 2. Hisa zake zilizokuwa chini ya dola 6 wakati mmoja Machi 2020 zilipita dola 30 mwaka 2021. Walionunua wakati huo waliambiwa gofu imepata sura mpya.

Kumbi hizo zilihitaji mtaji mkubwa, na wateja wakapungua baada ya msimu wa mapumziko ya Uviko-19 kwisha. Mwaka 2024 kampuni iliandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.4, karibu yote ikitokana na kufuta kwenye vitabu thamani ya Topgolf iliyokwisha yeyuka. Mwaka 2025 Jack Wolfskin iliuzwa kwa Anta ya China kwa dola milioni 290. Novemba 2025 kampuni ikatangaza kuuza asilimia 60 ya Topgolf kwa mfuko wa Leonard Green & Partners, kwa hesabu inayoipa Topgolf nzima thamani ya takriban dola bilioni 1.1. Ilinunua ghali na kuuza kwa hasara, na Aprili 2025 hisa zake zilikuwa zimerudi chini ya dola 7.

Acushnet ilifanya kazi isiyovutia waandishi. Iliendelea kupanua viwanda, ikatoa Pro V1 mpya kila baada ya miaka miwili, ikanunua hisa zake yenyewe na kulipa gawio tangu 2017. Mwishoni mwa 2024 hisa iliyouzwa dola 17 mwaka 2016 ilikuwa imevuka dola 70.

Mpira nao una hatari zake

Isidhaniwe kwamba mpira hauna mitihani. Upo wa malighafi. Mwaka 2021, mahitaji yakiwa juu, upungufu wa kemikali za viwandani ulifanya mipira iadimike madukani.

Upo pia wa bei. Mwaka 2016 maduka ya Costco yalileta mpira wa Kirkland Signature wa ganda la yurethani, uliotengenezwa Korea Kusini. Dazeni mbili ziliuzwa kwa dola 29.99, na mzigo ukaisha upesi. Acushnet ilipoandika barua ya malalamiko, Costco ilikwenda mahakamani mwaka 2017, na mwaka 2018 pande hizo zikapatana. Titleist haikuanguka, lakini wateja walijua kwamba sehemu kubwa ya dola 55 ni bei ya jina.

Mtihani wa tatu ni sheria. Desemba 2023 wasimamizi wa mchezo duniani, USGA na R&A, walitangaza kwamba mpira utapimwa kwa kasi ya fimbo ya maili 125 kwa saa, bila kuongeza umbali unaoruhusiwa. Maana yake ni kwamba mipira inayokwenda mbali sana haitafaulu. Ratiba iliyotangazwa siku hiyo ilikuwa mwaka 2028 kwa mashindano makubwa na 2030 kwa wachezaji wote. Kwa wapigaji wenye nguvu zaidi upungufu ulikadiriwa kuwa yadi 13 hadi 15, na kwa mchezaji wa kawaida yadi 5 au pungufu. Viwanda vitalazimika kubuni upya, na mwenye kupata mchanganyiko bora mapema anaweza kuwapokonya wengine soko, kama ilivyotokea mwaka 2000.

Kwa mwenye duka na mwenye hisa

Mwenye duka katika miji yetu yenye viwanja vya gofu asikimbilie kujaza rafu kwa draiva. Ajaze mipira ya bei mbili au tatu, glovu na tii, kwa sababu hivyo ndivyo mteja hurudi kuvifuata. Draiva aagize chache, tena baada ya kujua ya mwaka gani na mrithi wake anatoka lini. Nafuu kubwa iko kwenye draiva ya mwaka uliopita, maana kwa umbali haitofautiani sana na mpya. Aogope bei isiyo ya kawaida kutoka kwa muuzaji asiyejulikana. Draiva za bandia ni nyingi kiasi kwamba kampuni zinazoshindana ziliungana kupambana nazo tangu 2004.

Mwekezaji mdogo, kabla ya kumpa dalali fedha, ajiulize maswali matatu kuhusu kampuni yoyote, iwe ya gofu au ya saruji. Mteja wake hulazimika kurudi mara ngapi kwa mwaka? Mali iliyoko ghalani inaongezeka kuliko mauzo? Faida ya msimu mzuri inarudi kiwandani na kwa wenye hisa, au inakwenda kununua biashara ambayo menejimenti haiijui?

Aliyeuliza swali la tatu mwaka 2021, hisa za Callaway zilipovuka dola 30, angeokoa sehemu kubwa ya mtaji wake.